Upasuaji wa kinywa: Mzazi ajue upi wa kukubali na upi wa kukataa

Mtoto wa miezi mitano anaharisha, ana homa na hataki kunyonya. Jirani anamfungua mdomo, anaona vivimbe vyeupe kwenye ufizi, anatoa hukumu: "Haya ni meno ya plastiki. Yatolewe leo." Mama wa Ujiji au wa kijiji cha wavuvi anabaki njia panda.

Ukweli ni kwamba meno ya plastiki hayapo. Vivimbe hivyo ni meno ya utoto, hasa chonge, ambayo bado yamo ndani ya ufizi. Kuyachokonoa kwa kisu au spoku ya baiskeli kunaweza kuleta kutokwa na damu nyingi, pepopunda, VVU, hata kifo. Anayepona anaweza kuota meno ya ukubwani yenye kasoro.

Mtoto huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Aendelee kunyonyeshwa na apewe ORS. Kituoni atapatiwa zinki na kupimwa malaria, ambayo ni nyingi mkoani Kigoma.

Upasuaji wa kitaalamu ni jambo jingine. Unaofanyika zaidi ni huu:

Kung'oa jino. Daktari huchoma sindano ya ganzi. Mgonjwa husikia kusukumwa, si maumivu makali. Ganzi hudumu saa kadhaa, hivyo mtoto aangaliwe asijing'ate mdomo.

Kupasua jipu. Usaha hutolewa, na jino lililosababisha hutibiwa au hung'olewa. Dawa za dukani peke yake hazimalizi tatizo, na jipu lisitumbuliwe nyumbani.

Kutoa jino la mwisho lililokwama. Huwapata zaidi vijana. Ufizi hupasuliwa na kushonwa. Uvimbe huongezeka siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua.

Kabla ya yote, daktari aelezwe kuhusu ujauzito, presha, kisukari, selimundu, mzio na dawa zinazotumika.

Baada ya kung'olewa jino, mgonjwa aume pamba kwa nusu saa. Kwa saa 24 asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, asivute sigara na asinywe chai ya moto. Kesho yake asukutue taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Uji uliopoa unafaa. Mtoto asipewe aspirini.

Anayerudi kijijini kwa boti asiteremke Kibirizi kabla damu haijakata, kwani ziwani hakuna daktari.

Damu isiyokoma, homa, uvimbe unaoongezeka, kushindwa kumeza au maumivu yanayozidi baada ya siku tatu ni sababu ya kurudi hospitali mara moja. Kituo kidogo kikishindwa, kitampa mgonjwa rufaa kwenda Maweni, hospitali ya mkoa.

Na jirani akirudi na kisu chake, jibu la mama ni moja: mtoto anakwenda kliniki.