Mkono wa kukanda ni wetu, lakini tansio inataka kipimo

Kati yetu tuliosoma kuna makundi mawili juu ya desturi ya kukanda mwili. Wa kwanza wanasema: «Ile ni mambo ya bankambo, imeisha.» Wa pili wanasema: «Mutu wa tansio, mupeleke kwa mama anayejua kukanda, atapona.» Wote wawili wanakosa, na kosa la hao wa pili linaua watu.

Nianze na wa kwanza. Wanadharau mkono wa nkambo wenye mafuta ya ngazi, lakini wakisikia «massage» kwa Kifaransa, wako tayari kulipa dola. Wafungue basi kamusi. Katika karne ya 19, daktari Johann Georg Mezger wa Amsterdam anahesabiwa kuwa ndiye aliyepanga namna za kukanda zinazofundishwa mpaka leo kwa majina ya Kifaransa. Moja inaitwa «pétrissage», kutoka «pétrir», ni kusema kukanda unga. Na sisi tunakanda unga, tunakanda mwili: neno ni moja. Sasa mshenzi ni nani? Tena kukanda kuna faida: misuli inalegea, pumzi inatulia, moyo unapiga polepole, hata tansio inaweza kushuka kidogo kwa muda. Kwa mzazi asiyelala juu ya mawazo ya minervali ya watoto, hiyo si faida ndogo.

«Kidogo, kwa muda.» Njo maneno ambayo kundi la pili linasahau. Tansio ikipimwa mara kwa mara na kukutwa 140/90 ao zaidi, ni ugonjwa, hata kama mtu hasikii maumivu yoyote. Inaharibu moyo, figo na ubongo kimya kimya. Mtu anakandwa, anasikia mwili mwepesi, anaacha dawa. Kumbe mwili mwepesi si kipimo! Mkono wa mama, hata uwe na akili namna gani, hauwezi kusoma tansio.

Kuna hatari zingine. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, zaidi kwa mama aliyezaa karibuni, damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Ukiukanda, ile damu inaweza kukatika na kupanda mpaka mapafuni, na mtu anakufa kwa ghafla. Miguu yote miwili ikivimba na pumzi ikikata, pengine moyo umeshindwa kusukuma damu: kusukuma ule uvimbe kwa mikono hakutengenezi moyo. Na mtu akipooza upande mmoja kwa ghafla, saa za kwanza ni za hospitali. Mazoezi na kukandwa kwa viungo vitakuja nyuma, kwa mashauri ya muganga.

Wengine watajibu: «Mwalimu, na franka iko wapi?» Ni kweli. Wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoachishwa Gécamines katika mpango ulioanza 2003, jamaa nyingi za huku kwetu zilipoteza pia matunzo ya kampuni. Lakini umaskini haugeuzi kukanda kuwa dawa ya tansio. Unatulazimisha tu kupanga mambo vizuri.

Tena hakuna lazima ya kuchagua upande. Huko Alma-Ata, mwaka 1978, mataifa yalikubali kwamba waganga wa asili, pale wanapohitajika, wawe na nafasi katika matunzo ya afya ya kwanza. Basi, mashirika yetu, makanisa na masomo ya Likasi, toka Kikula mpaka Panda, yachange franka na kununua mashini ya kupima tansio. Bamama wanaokanda waalikwe, wasitukanwe. Wafundishwe mambo matatu: kuuliza kama mtu amepimwa, kutomwambia aache dawa, na kutogusa mguu mmoja uliovimba. Nao watufundishe mkono wao, mbele haujapotea.