Kidole kimoja hakivunji chawa

Msomaji, pengine umewahi kumwona mpangaji katika ploti za soko la Masimba akifagia mende waliokufa usiku, akijisifu kwamba dawa imefanya kazi. Wiki chache baadaye yuko dukani tena, akilalamika kwamba aliuziwa dawa bandia. Kwa maoni yangu, mara nyingi lawama ni yetu.

Mende hufuata chakula, maji na maficho. Sufuria ya ugali inayolala bila kuoshwa, ndoo ya taka isiyofunikwa, mfereji unaovuja na maboksi kuukuu chini ya kitanda ndiyo makaribisho yake. Yule mdogo wa jikoni hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, na dawa nyingi hazikipenyi. Ukiua wazazi leo, watoto wataanguliwa baadaye na kukuta meza imeandaliwa. Tena ukipuliza peke yako, wengine hupitia kwenye nyufa hadi kwa jirani, kisha hurudi. Kunguni naye hutujia ndani ya kitanda au kochi tulilonunua kwa mtu bila kulikagua.

Wenyeji wa Kisii na Nyamira wanaijua pareto, zao lililowalipia wengi karo ya shule. Dawa nyingi za kupuliza nyumbani zimeundwa kwa kuiga sumu ya ua hilo, na katika nchi nyingi mende na kunguni wamezizoea. Kuongeza kipimo, basi, ni kumwongezea sumu mtoto anayelala chumbani humo.

Wala tusipuuze mende. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba watoto wenye pumu waliodhurika na vumbi la mende, na ambao vyumba vyao vilijaa vumbi hilo, walilazwa hospitalini mara nyingi zaidi kuliko wenzao.

Tufanyeje? Mwenye ploti azibe nyufa na kutengeneza mifereji kabla ya kufikiria kupandisha kodi. Wapangaji nao wachague siku moja, wasafishe vyumba vyote na kutumia dawa kwa pamoja, kisha wairudie kama maelezo ya dawa yanavyosema. Kila usiku osha vyombo, funika unga na utoe taka. Usipofanya hivyo wewe na jirani yako, mtaendelea kumtajirisha mwenye duka huku mende wakizaana.