Kutahini Kazi ya Ubia katika Sanaa: Tupime kwa Mizani Ipi?

Miongoni mwa mambo yanayowatatiza wakufunzi wa sanaa katika vyuo vya ualimu ni namna ya kutahini kazi iliyofanywa kwa pamoja na wanachuo wa fani mbili tofauti. Kazi ya waimbaji peke yao tunajua kuipima, na ya wachezaji ngoma peke yao tunajua pia. Lakini wanapoungana wakaleta kitu kisichokuwa kwaya iliyozoeleka wala ngoma iliyozoeleka, aghalabu twakitia katika mizani zote mbili za zamani, nacho hupungua kotekote. Rai yetu ni kwamba kazi ya ubia yapasa kupimwa kwa kusudi lake na kwa jinsi wabia walivyosikilizana, wala si kwa kadiri inavyofanana na kazi za awali za kila mmoja wao.

Tatizo hili si la vyuo vyetu peke yake. Mwaka 2011 bendi ya Metallica ya Marekani, mashuhuri kwa roki nzito ya magitaa iitwayo metali, ilitoa santuri ya Lulu pamoja na Lou Reed, mwimbaji aliyejulikana tangu miaka ya 1960 kwa nyimbo zinazokaribia ushairi. Maudhui yalitokana na tamthilia mbili za Mjerumani Frank Wedekind. Humo Reed mara nyingi husema badala ya kuimba, magitaa nayo hurudia kipande kimoja kwa muda mrefu. Wimbo wa mwisho wazidi dakika 19. Wapenzi wengi wa bendi hiyo waliikataa, na wahakiki wengi wakailaani. Reed alifariki mwaka 2013. Miaka miwili baadaye mjane wake, Laurie Anderson, alieleza hadharani kwamba mwanamuziki David Bowie alikuwa amemwambia kuwa hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote za Reed.

Hatusemi kwamba Bowie alisema kweli na umma ukakosea. Zipo sehemu ambamo sauti na magitaa hupishana kama wasafiri wasiojuana. Tunalosema ni kwamba aliyelalamika kuwa Reed haimbi, alikuwa akipima jambo ambalo wabia wale hawakukusudia kulifanya. Swali la haki lilikuwa hili: je, kule kusema kwake na uzito wa magitaa vimesaidiana kuieleza hadithi ya Lulu?

Tanzania nayo ina mfano wake. Hayati Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze za Wagogo na mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alitoa santuri ya Assembly mwaka 2002 pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Mtahini mwenye mizani ya ngoma ya Kigogo tu angekata alama kwa sababu ya gitaa na mitambo. Mwenye mizani ya gitaa tu angeshindwa kujua aifanyie nini sauti ya mzee yule. Lakini Zawose hakuuacha Ugogo wake ili apatane na mgeni. Ustadi wake ndio uliompa cha kuleta mezani.

Hapa Usukumani majaribio si jambo geni. Vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu hushindana baada ya mavuno, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi upande wake. Kwa sababu hiyo kila upande hauna budi kubuni jambo jipya. Wengine hucheza na nyoka, wengine hurusha majembe katika bugobogobo. Basi anayemwadhibu mwanachuo kwa kuongeza jambo jipya katika bugobogobo, akidai kuilinda mila, aidha haijui mila hiyo au ameisahau.

Tumepata kuona kundi la wanachuo lililounganisha bugobogobo na waimbaji wa kwaya. Majembe yaligonganishwa kwa mapigo mazito, kiongozi wa kwaya akatamka maneno ya mchimbaji mdogo wa dhahabu kwa sauti ya kawaida, pasipo tuni. Fomu ya kutahini ilikuwa na safu ya "sauti" na safu ya "usahihi wa mila". Kundi lilipata alama hafifu katika zote mbili. Muhula uliofuata wanachuo walewale walirudi kwenye nyimbo za kukariri, wakapata alama nzuri. Hiyo ndiyo hasara yenyewe, maana watu hawa wanakwenda kufundisha Geita, Kahama na Mwadui, ambako migodi imekusanya watoto wa makabila mengi katika darasa moja. Mwalimu aliyefunzwa kuogopa ubia atawafundishaje watoto hao kufanya kazi pamoja?

Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya mazoezi, kundi liandike ukurasa mmoja: tunataka kueleza nini, kila fani inaleta nini, na kila fani iko tayari kuacha nini. Pili, mkufunzi ahudhurie walau zoezi moja, na alama 40 kati ya 100 zitolewe kwa mabadiliko ambayo kila upande uliyafanya baada ya kuusikiliza mwenzake. Tatu, baada ya onyesho, watazamaji waseme walichokielewa, kisha kundi lieleze lililofaulu na lililoshindikana. Jaribio lililoshindikana likaelezwa vizuri lisinyimwe alama za kufaulu.

Wapo watakaosema kwamba utaratibu huu utawafungulia mlango wavivu, kila kelele iitwe jaribio. Hofu hiyo ina msingi, lakini jibu lake limo katika mifano tuliyoitoa. Zawose, Reed na Metallica waliingia katika ubia wakiwa wameimudu fani yao kwa miaka mingi. Kwa hiyo ustadi wa msingi uendelee kutahiniwa peke yake katika mwaka wa kwanza, na ubia ufuate.

Wakufunzi wenzetu na waijaribu fomu hii kwa kundi moja tu muhula ujao, kisha waandike humu waliyoyaona, yakiwamo yale yatakayoipinga rai yetu.