KAMERA NI YANGU, MBONA UFUNGUO NI WAO?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena ya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Walipolisema neno hili hapakuwa na kamera wala intaneti, lakini ni kana kwamba walikuwa wakimtazama mnunuzi wa siku hizi. Mtu anatoa pesa zake halali, ananunua kamera ya kulinda nyumba, anaitundika ukutani, analiona lango lake kwenye simu hata akiwa ndani ya matatu, basi anajigamba kwa majirani. Miaka michache ikipita, kampuni iliyoitengeneza inafunga mlango huko ng'ambo, na kamera inageuka kuwa pambo la ukuta. Haikuanguka, haikunyeshewa, haikupigwa jiwe. Imezimwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga uani mwake.

Ndugu msomaji, maoni yangu ni haya, nami nayatoa bila kupepesa macho: kampuni ina haki ya kufunga biashara yake, ila haina haki ya kuifunga kamera niliyoinunua.

Kabla hujaniambia kuwa natia chumvi, hebu tutazame jinsi vyombo hivi vinavyofanya kazi. Kuna kamera za aina mbili. Aina ya kwanza ni zile zenye waya unaokwenda hadi kwenye kisanduku cha kurekodi kilicho papo hapo nyumbani au dukani. Picha hukaa ndani ya kisanduku hicho. Bora stima iwepo, kitarekodi hata kama kampuni iliyokiunda ilikufa zamani. Aina ya pili ni zile ndogo za waifai. Hizi ndizo zinazopendwa mitaani kwa sababu bei yake ni nafuu na hazina nyaya nyingi. Lakini nyingi kati ya hizo hazizungumzi na simu yako moja kwa moja. Kamera hutuma picha hadi kwenye seva, yaani tarakilishi za kampuni zilizo nchi nyingine, nayo simu yako hwenda kubisha hodi huko huko kuomba picha. Hata ukiwa umeketi sebuleni, hatua tatu kutoka kwenye kamera, ombi lako linavuka bahari na kurudi. Siku seva ikizimwa, simu inabisha na hakuna wa kuitikia. Jicho la kamera ni zima, taa yake inawaka, lakini imekuwa kama mtu aliyeona wizi kisha akakatwa ulimi.

Haya si ya kubuni. Mwaka 2009, huko San Francisco, Marekani, ilianzishwa kampuni iliyoitwa Dropcam. Kamera zake zilipendwa sana. Mwaka 2014 ilinunuliwa kwa dola milioni 555 na kampuni ya Nest, ambayo tayari ilikuwa mali ya Google. Mwezi Aprili 2023 ikatangazwa kuwa kamera za Dropcam zitaacha kufanya kazi, na tarehe 8 Aprili 2024 zikaacha kweli. Amazon nayo ilianza kuuza kamera yake ya Cloud Cam mwaka 2017, na tarehe 2 Desemba 2022 ikaizima. Miaka mitano tu! Mbuzi wa maziwa huishi zaidi ya hapo.

Haki ni haki, nami sitaificha. Google ilitoa notisi ya mwaka mzima, ikawapa baadhi ya wateja kamera mpya bure na wengine kwa nusu bei. Amazon nayo iliwapa wateja wake kamera nyingine. Lakini hizo ni kampuni tajiri. Kampuni maskini ikifa itampa nani nini? Mwezi Aprili 2022, Insteon, kampuni ya Marekani iliyouza vifaa vya kuendeshea taa na mitambo ya nyumbani, ilizima seva zake bila hata kuwaaga wateja. Watu waliamka wakakuta programu kwenye simu zao hazifanyi kazi tena.

Utasema hayo ni ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini? La hasha! Katika ploti tunayoishi mna vyumba kumi na viwili. Mwaka juzi, baada ya mitungi ya gesi kuibwa mara kwa mara, wapangaji walichanga, mwenye nyumba akaongezea, zikanunuliwa kamera nne za waifai. Asubuhi moja simu za watu wote zikaandika kuwa haziwezi kuunganishwa. Tukadhani ni bando. Bando lilikuwepo. Tukadhani ni stima. Stima ilikuwepo. Baadaye ndipo tuliposikia kuwa kampuni iliyozitengeneza, ambayo sitaitaja jina, haipo tena.

Kamera ziliachwa ukutani ziwatishe wezi, kama sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Ndege hudanganyika, mwizi hakudanganyika. Mwezi uliofuata pikipiki ya mpangaji mmoja, bodaboda inayowalisha watoto watatu, ilitoweka usiku chini ya kamera mbili. Kwa kuwa hapakuwa na picha, lawama zote zikamwangukia mzee soja.

"Mzee, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo tu getini, bosi."

"Nani alikuona?"

Angemtaja nani saa nane za usiku? Siku ya tatu alifutwa kazi. Yamkini alilala, yamkini hakulala. Ninachosema ni kwamba kamera ingekuwa na macho, ingemtetea au ingemshtaki kwa haki. Mtu mzima amekosa unga wa watoto wake kwa sababu ya seva iliyozimwa mahali asipopajua. Je, hilo ni jambo dogo?

Linganisha na vitu vingine tunavyonunua. Sisi wa Kidato cha Tatu ndio tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023. Mfumo wa 8-4-4 unafunga milango nyuma yetu, na wadogo zetu hawatavihitaji vitabu vyetu. Hata hivyo hakuna mchapishaji atakayekuja usiku kufuta maneno kwenye kitabu nilichokwisha kukinunua. Redio ya nyanya yangu ina umri kunishinda mimi, na bado inashika matangazo ya mazishi kila jioni, kwa maana mawimbi ya redio hayaulizi redio ilitengenezwa na nani. Kitabu kinamtii msomaji na redio inamtii msikilizaji. Mbona kamera imtii muuzaji hata baada ya kulipwa?

Wapo watakaosema, "Wee kijana, seva zinakula pesa kila mwezi. Kampuni iliyofilisika itazilipia na nini?" Swali zuri. Sisemi kampuni iziweke seva milele. Ninachotaka ni kwamba kabla ya kuondoka iache ufunguo mlangoni. Itoe programu ya mwisho inayoiwezesha kamera kutuma picha kwenye simu au tarakilishi iliyomo nyumbani bila kupitia kwake. Jambo hili linawezekana. Lowe's, kampuni kubwa ya Marekani yenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ilipoifunga huduma yake ya nyumbani iliyoitwa Iris tarehe 31 Machi 2019, iliwafidia wateja na ikaiweka wazi programu yake ili wenye ujuzi waiendeleze. Na wale wa Insteon je? Mwezi Juni 2022 kikundi cha wateja wenyewe kiliinunua kampuni na kuziwasha seva tena. Ama kweli, penye nia pana njia.

Wengine watadai kuwa kamera iliyoachwa na mtengenezaji ni hatari, heri itupwe. Hapa wana ukweli nusu. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na visanduku vya kurekodi laki kadhaa kote duniani. Iliingia kwa kutumia maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenye vyombo hawakuyabadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, jeshi hilo la vyombo vilivyotekwa lilitumiwa kuishambulia kampuni ya mtandao ya Dyn, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa katika sehemu za Marekani na Ulaya. Kwa hivyo nakubali: kamera isiyopata marekebisho ni mlango usio na komeo. Lakini dawa ya mlango usio na komeo si kuibomoa nyumba. Badilisha neno la siri. Iondoe kamera kwenye intaneti. Iache ifanye kazi ndani ya nyumba tu, picha ziende kwenye kadi ya memori au tarakilishi iliyo humo humo.

Hivyo ndivyo alivyofanya fundi mmoja wa mtaani kwetu, mtu aliyeanza kwa kutengeneza redio. Alizishusha kamera zetu zote nne. Zilitoka kampuni moja, ila hazikuwa za muundo mmoja. Mbili ziliweza kutuma picha kwa njia ya RTSP, ambayo ni kanuni ya wazi iliyochapishwa tangu mwaka 1998, kila mtu yuko huru kuitumia. Fundi akachukua tarakilishi kuukuu, akaitia ZoneMinder, programu isiyolipiwa ya kurekodi picha za kamera, na leo kamera hizo mbili zinaliona lango tena. Zile mbili nyingine zilikataa katakata, kwa sababu hazikujua lugha yoyote ila ile ya kampuni yao. Kamera zimerudi kazini. Mzee soja hajarudi.

Basi mtu akienda kununua kamera, iwe ni Luthuli Avenue jijini Nairobi au kwenye duka la hapa mjini, asikubali kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Amuulize muuzaji maswali manne. Kwanza, je, kamera hii ina nafasi ya kadi ya memori, na inaweza kurekodi bila kulipia huduma ya kila mwezi? Pili, je, inafuata ONVIF? Hii ni kanuni ya pamoja iliyoanzishwa mwaka 2008 na kampuni za Axis, Bosch na Sony ili kamera ya huyu isikilizane na kisanduku cha yule. Tatu, ukichomoa waya wa intaneti kwenye ruta na kuiacha waifai ikiwaka, je, picha bado inaonekana kwenye simu? Jaribio hili halihitaji shahada ya chuo kikuu, na muuzaji akikataa kulifanya, shika njia uende zako. Nne, kampuni imeahidi marekebisho ya usalama kwa miaka mingapi?

Najua swali la nne litawatoa wauzaji jasho. Hata huko Marekani, mwaka 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ilikagua bidhaa 184 za kuunganishwa na mtandao, ikakuta kwamba takriban asilimia 89 kati ya hizo tovuti za watengenezaji hazikueleza bidhaa itahudumiwa kwa muda gani. Ikiwa wao hawaambiwi, sembuse sisi ambao wakati mwingine tunauziwa kamera bila hata boksi lake?

Ndiyo maana nasema jambo hili lisiachiwe mnunuzi peke yake. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na pia habari anazohitaji ili azifaidi kikamilifu. Umri wa kamera ni habari. Tarehe ya seva kuzimwa ni habari. Uingereza ina sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024, inayomlazimu mtengenezaji kutaja muda wa chini kabisa ambao atatoa marekebisho ya usalama. Nasi tusiachwe nyuma. Shirika letu la ubora wa bidhaa, KEBS, lidai kila boksi la kamera inayoingia nchini liandikwe mambo mawili kwa herufi za kuonekana: itahudumiwa hadi mwaka gani, na kama itaendelea kufanya kazi bila seva ya kampuni. Nalo Bunge litunge sheria kwamba anayeacha biashara hii aache na ufunguo.

Wanafunzi wenzangu, msiseme hili ni la wazee wenye nyumba. Sisi ndio tunaoitwa na wazazi kila chombo kipya kinapoletwa: "Hebu njoo uniwekee hii kitu kwa simu." Basi tunapoitwa tusikimbilie kubonyeza "nakubali". Tuchomoe kwanza waya wa intaneti, tuone kama kamera itanyamaza. Ikinyamaza, tumwambie mzazi airudishe dukani siku iyo hiyo, risiti ingali mfukoni. Tahadhari kabla ya hatari.