Siti ya dirishani ni ya yule anayetapika

Kwenye basi la Mbinga kwenda Mbamba Bay watoto hugombea dirisha. Mzazi, mpe yule anayetapika, hata kama ndiye mkubwa.

Barabara ni lami sasa, kilomita 66 hivi, lakini kona za kushuka kutoka milima ya Wamatengo hadi Ziwa Nyasa zipo palepale. Kichefuchefu huja pale sikio la ndani linapohisi mwendo huku macho yamekazia kitu kisichosogea, mara nyingi simu ya mama. Ichukue. Mwonyeshe vya mbali: mashamba ya ngoro kwenye miteremko, kahawa, kisha maji. Ziwa liko magharibi, hivyo mkishuka kaeni upande wa dereva na mkirudi upande wa mlango, japo kona huwagawia na wengine. Siti za nyuma kabisa hurusha sana, ziepukeni. Dirisha likifunguliwa, kichwa na mikono vibaki ndani.

Wanaofika Songea kwa pangaboi wana nafuu: mabawa yake yako juu ya madirisha, hayazibi mandhari ya chini. Ndege ikianza kushuka mnyonyeshe mchanga, kumeza hupunguza maumivu ya masikio.

Dawa ya kuzuia kutapika usinunue kwa kubahatisha. Promethazini hapewi mtoto wa chini ya miaka 2, inaweza kumbana pumzi. Muulize mfamasia.

Asubuhi ya safari mpe chakula chepesi, maandazi yasubiri. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019, beba kopo lenye mfuniko.