Swali la fundi lisiishie kwenye simu

Najua nimepotea kidogo. Zamu za usiku zimenikaba, na baridi ya hapa Kansas City nayo haina simile. Leo sina picha za theluji. Nina jambo la ujenzi, na najua mtauliza muuguzi na zege wapi na wapi. Vuteni subira.

Hospitali ninayofanyia kazi inakarabati wodi yetu, na wauguzi wawili tumetiwa kwenye kamati ili tusemee watu watakaofanya kazi humo. Huko ndiko nilikokutana na karatasi wanayoiita RFI, yaani ombi la maelezo. Mkandarasi akikuta ramani haieleweki, au ramani mbili zinapingana, hakisii wala hapigi simu akamaliza. Anaandika swali. Swali linapewa namba, linataja ni mchoro upi na chumba kipi, linabandikwa picha, linasema jibu linatakiwa lini, na kama ana pendekezo analiweka hapo hapo. Kisha linaingia kwenye daftari la maswali ambalo kila wiki linafunguliwa kikaoni: lipi limejibiwa, lipi limelala, na limelala mezani kwa nani.

Kwa mfano, mchoro wa msanifu ulionyesha sinki ya kunawia mikono iko mlangoni, mchoro wa mabomba ukaionyesha dirishani. Swali likaja hadi kwetu, tukasema mlangoni, maana mtu anawe anapoingia na anapotoka. Msanifu akajibu kwa maandishi, basi. Swali la mistari minne. Lisingeulizwa, ukuta ungefungwa, kisha ungevunjwa.

Sasa nije nyumbani. Kaka yangu anasimamia ile nyumba ya mama kule Kibaha, na namshukuru sana, kazi anaifanya. Lakini maswali ya fundi yananifikia hivi: ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye WhatsApp, jogoo anawika nyuma, fundi anasema "dada, pale kwenye ile kona ya kule, tufanyeje?" Kona ipi? Nyumba ina kona ngapi? Na huku mimi ndiyo kwanza nimevua viatu baada ya saa 12 za kazi.

Nilipomwambia kaka maswali yaandikwe na yapewe namba, mjomba akakasirika. Akasema huko Marekani nimejifunza kutoaminiana, kwamba kati ya ndugu hakuna karatasi. Mjomba, nakuheshimu na shikamoo yako naituma, ila hapa sikubaliani nawe. Wahenga wetu wenyewe ndio waliosema mali bila daftari hupotea bila habari, na hao hawakupanda ndege kuja huku.

Tena karatasi haimlindi mtoa pesa tu. Inamlinda zaidi aliyeko saiti. Yuko jamaa mmoja tunayesali naye huku, yeye na mdogo wake hawasemezani mwaka wa tatu huu kwa sababu ya ukuta mmoja wa sebule. Mdogo mtu anasema "ulinipigia ukasema tuutoe". Kaka mtu anasema hakusema. Inawezekana wote wawili wanasema kweli kama wanavyoikumbuka. Mama yao ndiye anayelia katikati.

Mji huu ninaoishi unalijua jambo hilo kwa uchungu. Tarehe 17 Julai 1981, kwenye hoteli ya Hyatt Regency hapa Kansas City, watu walikuwa wanacheza muziki ukumbini, madaraja mawili ya ndani ya kupitia watu yakaporomoka. Walikufa watu 114. Ramani ya mwanzo ilitaka vyuma virefu vitoke darini vipite vishike daraja la juu na la chini. Wakati wa kutengeneza, vikagawanywa: daraja la juu likaning'inia darini, la chini likaning'inia kwenye lile la juu. Fikirieni ndoo mbili, kila moja imefungwa kwenye kamba yenye nguvu. Sasa ile ya chini ifungueni, muifunge kwenye mkono wa ndoo ya juu. Kamba haikuongezewa uzito, lakini huo mkono sasa umebeba mara mbili. Uchunguzi ulionyesha kwamba hata ule mpango wa mwanzo haukufikia viwango vya mji; mabadiliko yakaumalizia.

Waliotengeneza vyuma walisema waliwapigia simu wahandisi wakakubaliwa. Wahandisi wakasema simu hiyo hawakuipokea. Michoro ya mabadiliko ikapigwa muhuri bila kupigiwa hesabu sawasawa. Wahandisi wawili walinyang'anywa leseni zao hapa Missouri. Mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa mwaka 2015 karibu na hoteli, na majina ya marehemu yameandikwa pale. Mimi nikipita hapo nawaza ile simu.

Sisi wauguzi tumefundishwa mapema. Daktari akitoa amri ya dawa kwa simu, naiandika, namsomea tena neno kwa neno, anathibitisha, baadaye anaweka saini. Hakuna daktari anayenuna eti simwamini. Na ninapompigia usiku simwambii "mgonjwa hayuko vizuri". Namwambia ni mgonjwa gani, kimetokea nini, historia yake, nionavyo mimi, na ninaomba nini. Ukilinganisha na ile karatasi ya ujenzi ni ndugu wa tumbo moja.

Lakini kuna jambo ambalo familia nyingi tunalikosea, na kwangu hili ni kubwa kuliko hata namba. Maswali yote tunampelekea mwenye pesa. Nondo za milimita ngapi kwenye nguzo? Muulize dada Marekani. Jamani, dada Marekani anajua kuchoma sindano! Mkataba wa kawaida wa chama cha wasanifu majengo wa Marekani, toleo la 2017, unataka maswali juu ya michoro yajibiwe na msanifu, tena kwa maandishi. Swali la nguzo liende kwa aliyechora na kuhesabu. Kwangu lije la rangi, la vigae, na la pesa. Na jibu la swali si ruhusa ya kutumia pesa. Kama jibu linaongeza gharama, hilo linaandikwa peke yake na kukubaliwa kabla saruji haijakorogwa.

Sisemi Wazungu ni malaika. Uchunguzi mmoja wa mwaka 2013 ulioangalia miradi zaidi ya 1,300 ulikuta karibu maswali 10 kwa kila dola milioni moja za ujenzi, jibu likichukua siku karibu 10, na takriban moja kati ya matano halijibiwi kabisa. Wako makandarasi wanaomwaga maswali ya kijinga ili baadaye wadai walicheleweshwa. Wako wasanifu wanaojibu "tazama mchoro" na mchoro ndio wenye tatizo. Kwa hiyo lawama ziko pande zote, hata kwa sisi tulioko nje. Swali likifika, ni wajibu wetu kujibu. Fundi akisimama siku tatu anasubiri dada aamke, posho ya vibarua inakwenda.

Basi kaka, nimekutengenezea mfano. "Swali namba 1. Ramani ya vyumba inaonyesha dirisha la futi 5 chumba cha nyuma, ramani ya nguzo inaonyesha nguzo hapo hapo. Tufuate ipi? Pendekezo la fundi: dirisha lisogee futi 2 kuelekea uani. Gharama: haiongezeki. Jibu kabla ya Ijumaa, Jumamosi tunapandisha ukuta. Linakwenda kwa: mchoraji." Piga na picha, fundi asimame akionyesha kwa kidole, si kwa mbali. Swali moja, ujumbe mmoja. Daftari la mistari la kawaida linatosha, abaki nalo mama.

Langu nitajibu ndani ya saa 24, hata nikiwa zamu. Za nguzo msiniulize, nimeshaongea na mchoraji na amekubali kulipwa kidogo kwa kazi hiyo.

Mjomba, najua unasoma hapa kwa simu ya binamu. Maoni yako yaandike hapo chini, nayajibu Jumapili nikiwa off.