Historia Si Somo la Wavivu



Limezuka neno katika mabaraza yetu, na neno hilo halitupendezi. Mzazi akiulizwa mwanawe ashike masomo gani skuli ya sekondari, hujibu upesi: "Sayansi. Historia ni somo la wavivu, halina kazi." Sisi hatuna ugomvi na sayansi. Visiwa hivi vyataka madaktari, mafundi na mabaharia wenye elimu. Lakini twasema wazi kwamba mtu asiyejua taarikhi ya kwao amekabidhi macho yake kwa mwingine, na huyo aliyekabidhiwa ndiye atakayemchagulia njia.

Ili asije mtu akasema kwamba twajililia wenyewe, na tuanze mbali. Tuvuke bahari, tuipite Tabora, tufike nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha, mahali paitwapo Kasanda. Kasanda imo katika Wilaya ya Kakonko, iliyokatwa kutoka Kibondo mwaka 2012, karibu na mpaka wa Burundi. Kijana wa huko aliyeko sekondari huenda amekwisha hifadhi kwamba Stanley alikutana na Livingstone pale Ujiji mwaka 1871. Vyema. Sasa aulizwe: Buyungu ni nini? Huenda akajibu kwamba ni jimbo la uchaguzi, jimbo lao wenyewe. Na Muhambwe? Jimbo la jirani, la Kibondo. Na Heru? Ni jina la mahali, huko Kasulu.

Majibu hayo si makosa, ila ni nusu ya jibu. Buyungu, Muhambwe na Heru zilikuwa dola za Waha, kila moja na Mwami wake, kabla Mjerumani hajatia mguu. Na kusini yao, chumvi ya Uvinza imechemshwa kwa zaidi ya miaka elfu, ikitafutwa na watu wa nchi nyingi za jirani. Hawa hawakuwa watu waliokaa gizani wakimngoja mgeni aje kuwagundua.

Mjerumani akaja akatawala. Mwaka 1916 Mbelgiji akamtoa, akaishika Kigoma mpaka 1921 alipomwachia Mwingereza. Nchi zilizokuwa chini ya bendera moja zikagawanywa: Urundi kwa Mbelgiji, Buha kwa Mwingereza. Muha na Mrundi, ambao lugha zao hazipishani ila kidogo, wakawa kila mmoja ni mgeni kwa mwenziwe. Hapana aliyewauliza.

Chini ya Mwingereza nchi ya Waha ikafanywa ghala ya vibarua. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, ofisi ya kuwakusanya wafanyakazi, na vijana wa Kibondo na Kasulu wakasafirishwa hata Tanga kukata mkonge. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba. Basi kijana wa Kasanda akisikia watu wakisema kwamba mkoa wake uko nyuma, na ajue kwamba nchi hairudi nyuma yenyewe. Nguvu za babu zake zilikwenda kujenga utajiri wa pahala pengine. Hilo halijulikani kwa kukariri tarehe, hujulikana kwa kutafuta sababu, na kutafuta sababu ndiyo kazi yenyewe ya somo la historia.

Tena mwaka 1972, tena baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye mwezi wa Oktoba 1993, tena mwaka 2015, Warundi walimiminika wakivuka mpaka, na Kibondo na Kakonko zikawa na kambi, kama vile Nduta na Mtendeli. Kijana asiyefundishwa chanzo humwona mkimbizi kuwa ni mzigo. Aliyefundishwa humwona kuwa ni jirani aliyepatwa na msiba, na hujiuliza ni utawala wa namna gani uliouleta msiba ule, usije ukaota na kwao.

Sasa na turudi nyumbani, maana sisi nasi tumepata kuitwa wakimbizi. Januari 2001, baada ya uchaguzi uliobishaniwa wa Oktoba 2000, watu waliuawa kwa risasi Unguja na Pemba, na wapatao 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye kura. Je, amefundishwa khabari hiyo darasani, au ameiokota barazani? Na tarehe 10 Disemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964, je? Nyumba moja huikumbuka siku ile kwa machozi, ya pili kwa furaha, na watoto wa nyumba mbili hizo hukaa dawati moja.

Mwezi wa Disemba 2020 Rais John Magufuli aliagiza historia ya Tanzania ifundishwe kuwa somo mbali, na katika mitaala mipya ya bara ya mwaka 2023 limewekwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili. Hilo la lugha twalisifu bila ya kinyongo. Lakini twauliza. Je, Buyungu imo humo, au ni khabari za wakubwa wa mji mkuu tu? Je, mwanafunzi ataonyeshwa mashahidi wawili wanaopingana, akaambiwa apime? Na hayo maadili, ni kuipenda nchi, au ni kumtii aliyeko madarakani? Wakubwa wetu walisoma somo la Siasa wakati wa chama kimoja, na wanajua somo linavyokuwa likigeuzwa sauti ya chama. Historia inayosifu tu ni kasida.

Wala hatusemi kwamba iwe sauti ya chama chetu. La hasha! Tukishika dola kesho, mwalimu awe huru kueleza makosa yetu kama anavyopaswa leo kuwa huru kueleza makosa ya wengine. Asiyekubali haya hataki historia, ataka zamu yake ya kusema uongo.

Basi, ndugu zetu, yatupasa mambo matatu. Kwanza, mtoto mwenye mapenzi na somo hili asizuiwe wala asichekwe. Pili, kila tawi liwakalishe vijana na wazee wangali hai, wayaandike wanayosimuliwa, ya upande wetu na ya upande wa pili, kwa jina la mahali na mwaka wake. Tatu, wanafunzi wapelekwe kwenye Nyaraka pale Kilimani, wakaone kwa macho yao karatasi za kale, wajue kwamba neno la mzee na neno la karatasi hupimwa yote mawili.

Kijana wa Kasanda akiijua Buyungu yake, na wa Pemba akiijua Shimoni yake, siku watakapokutana hawatahitaji mtu wa kuwatambulisha. Kila mmoja atakuwa na la kumwambia mwenziwe, na asiwepo wa kuwagombanisha kwa uongo.